Nyumba ya Geti la Bluu
Mazungumzo na vilabu vya mazoezi na timu za mitaani, Dar es Salaam



Tuna robo saa hii kati ya nusu fainali na fainali. Tunafahamu kwamba miguu inauma na supu inapoa, kwa hiyo hatutawasomea sheria kifungu kwa kifungu. Timu ya ofisi yetu, kama mlivyoshuhudia, ilitolewa mapema asubuhi, jambo lililotupa muda wa kutosha kuyapanga maneno haya.

Huenda wengine mnajiuliza kwa nini watu wa ofisi inayoshughulikia haki za mlaji waje uwanjani kuzungumza juu ya kupanga nyumba. Sababu ni hii. Mtu anayeondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kurudi baada ya foleni kuisha ana siku mbili tu za kufanya mambo yake yote: mechi, kufua, harusi, msiba, na kutafuta mahali pa kuhamia. Madalali wanalijua hilo. Wengi wao ni watu waaminifu wanaotembea juani kutwa nzima kwa malipo ambayo hayana hakika. Asiye mwaminifu, hata hivyo, hana bidhaa nyingine ya kutuuzia isipokuwa haraka yetu wenyewe.

Mwaka jana mmoja wetu, kijana anayecheza kiungo katika timu yetu, alipewa notisi ya kuhama mwisho wa mwezi, kwa kuwa mwenye nyumba alitaka kumweka mwanawe aliyeoa. Alibakiwa na wikiendi moja. Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa mazoezini, saa tatu alikuwa kwenye mechi, na saa sita mchana alikutana na dalali kituo cha daladala akiwa bado amevaa jezi yenye vumbi. Alitoa shilingi 10,000 za kuonyeshwa nyumba. Walizunguka Tabata, Segerea na Kinyerezi. Nyumba ya kwanza haikuwa na maji. Ya pili, choo kilitumiwa na familia sita. Ya tatu ilikuwa imekwisha kupangishwa. Ya nne ilipakana na baa. Ya tano ilikuwa na geti la bluu, chumba masta na sebule, vigae sakafuni na tangi kubwa la maji, kwa shilingi 200,000 kwa mwezi.

Mlango ulikuwa umefungwa. Dalali alieleza kwamba mpangaji aliyekuwamo angehama Jumanne, na kwamba mama mwenye nyumba alikuwa amekwenda msibani na ufunguo wa akiba. Kijana wetu akachungulia dirishani, akaona makochi na runinga, akaridhika.

"Bosi wangu, nyumba kama hii hailali," dalali alimwambia. "Kuna dada mmoja yuko njiani, ameshika pesa mkononi."

"Kaka, nipe hadi kesho jioni nije na mwenzangu."

"Kesho utakuta pazia za mwenzio."

Kijana wetu alikuwa amechoka, hajala, na kesho yake alikuwa na mechi ya marudiano. Akatuma kwa simu shilingi 400,000 za kushika nafasi. Kabla ya kuthibitisha muamala alioneshwa jina la mpokeaji, jina la mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. Dalali akasema ndiye mama mwenye nyumba. Akabonyeza.

Jumapili, mechi ilipokwisha, alikaa kivulini akinywa maji na golikipa wa timu pinzani, akamwambia kwa furaha kwamba karibu watakuwa majirani.

"Wapi huko?" golikipa aliuliza.

"Kule juu, nyumba yenye geti la bluu."

"Kaka, pale ninakaa mimi. Nimelipa hadi Desemba."

Makochi yale yalikuwa yake. Jumamosi hakuwa nyumbani kwa sababu alikuwa uwanjani, kama ilivyo kila Jumamosi, na aliyemleta mgeni dirishani kwake aliijua ratiba hiyo vizuri. Simu ya dalali haikupatikana tena. Mwenzetu alikwenda kituo cha polisi akapewa RB, akalala kwa rafiki wiki tano, na hadi leo fedha hazijarudi. Tunasimulia haya kwa idhini yake, na kwa aibu kidogo, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa akiandika vijitabu vya kuwaonya wengine.

Hakukosa elimu ya sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza vitendo vya kumdanganya na kumpotosha mlaji katika biashara, naye anaijua. Alichokosa ni usiku mmoja kati ya kuona na kulipa. Ndiyo maana ombi letu la kwanza kwenu ni hilo: siku ya kuiona nyumba isiwe siku ya kuilipia, hata kwa shilingi moja ya kushika nafasi. Irudieni siku ya kazi jioni. Mtakuta majirani wamerudi, mtajua foleni ya barabara ile ikoje, mtasikia kama kuna baa, na mtakuta ama mpangaji anayefungasha ama golikipa anayepika ugali wake. Dalali mwaminifu hatachukia. Malipo yake, ambayo kwa mazoea ni kodi ya mwezi mmoja, hayapotei kwa kusubiri hadi Jumatatu.

Mkirudi, ombeni kumwona mwenye nyumba ana kwa ana, na muulizeni jirani au mjumbe kama ndiye kweli. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa huwafahamu wenye nyumba wengi wa eneo lake, na kumpigia hodi hakumvunjii mtu heshima. Ikiwa anayepokea fedha ni mtoto, ndugu au msimamizi wa mirathi, basi aonyeshe maandishi yanayompa mamlaka hayo. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha lisomeni herufi kwa herufi. Likiwa si la yule mliyesalimiana naye, ahirisheni malipo.

Ndani ya nyumba tazameni chini kabla ya kutazama dari. Jiji letu lina mabonde, na nyumba inayoonekana mwezi wa Agosti si ile itakayoonekana masika ya Aprili. Mstari wa matope ukutani, au rangi mpya iliyopakwa kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti tu, ni habari ambayo hakuna dalali atakayewasomea. Fungueni bomba. Ulizeni maji hutoka siku ngapi kwa wiki, na tangi likikauka nani hununua maji ya kulijaza.

Umeme unahitaji maneno zaidi, kwa kuwa malalamiko yake tunayapokea mara kwa mara. Kwanza jueni kama mita ya LUKU ni yenu peke yenu au inachangiwa. Panapochangiwa, pasi ya mmoja na friji ya mwingine huzaa ugomvi usioisha, na afadhali kanuni ya kuchangia iandikwe kabla ya kuhamia. Pili, kodi ya majengo siku hizi hukatwa mnaponunua umeme. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, na miezi ambayo umeme haukununuliwa deni hujilimbikiza likisubiri atakayenunua. Mpangaji anayeingia katika nyumba iliyokaa tupu mwaka mzima anaweza kununua umeme wa shilingi 20,000 na kupata wa shilingi 2,000 tu. Kodi hiyo kwa asili yake ni ya mwenye mali. Kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba deni la nyuma ni lake, na kwamba mnayokatwa kila mwezi yatapunguzwa katika kodi ya pango. Ankara ya maji nayo iulizeni hivyo hivyo.

Kuhusu mkataba, Sheria ya Ardhi inaruhusu upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, kufanywa hata kwa mdomo. Wengi huishia hapo wakadhani wako salama. Neno la mdomo ni halali, lakini siku ya ugomvi halina shahidi. Andikeni majina kamili, kiasi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, muda wa notisi kwa kila upande, nani atengeneze nini, na hali ya nyumba siku ya kuingia; pigeni na picha za vyumba. Kulipa miezi sita au kumi na miwili kwa mkupuo ni mazoea, si amri ya sheria, nanyi mnaweza kuomba miezi mitatu. Tumewaona wenye nyumba wakikubali, hasa kwa mpangaji aliyekuja kwa upole, akamwamkia mama mwenye nyumba shikamoo, akauliza maswali yake bila jeuri.

Mkishahamia, utakuja ujumbe: "Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie kwenye namba hii." Aliyeutuma hawajui, ameurusha kwa maelfu, akitumaini mmoja kodi yake imefika. Mpigieni mwenye nyumba kwa namba mliyoizoea, kisha iripotini namba ya tapeli kwa kutuma kwenda 15040.

Kuhusu jezi, maana mweka hazina mmoja ametuuliza asubuhi: mlipeni fundi sehemu tu ya fedha, mpewe risiti yenye idadi, saizi na tarehe ya kukabidhi, na muone jezi moja iliyokamilika kabla hajachapa thelathini. Ada ya mashindano nayo idai kanuni za maandishi zinazoeleza itakuwaje mvua ikivuruga ratiba. Hayo yanatosha kwa leo.

Kuna jambo moja ambalo hatukuliona hadi yule golikipa alipolisema. Uwanja huu umejaa watu wa Tabata, Segerea, Kimara, Mbagala na Kigamboni. Mmoja wenu anaishi mtaa ambao mwingine anatafuta nyumba. Lau mwenzetu angeitaja nyumba ile Jumamosi, kwenye kundi la timu la simu, kabla ya kutuma fedha, angejibiwa ndani ya dakika chache. Tungependa kila klabu iwe na mazoea hayo: mwanachama akipata nyumba, aitaje kwa wenzake, kisha asubiri.

Tunaona refa ameshika filimbi. Meza yetu iko chini ya mwembe, upande wa lango la kuingilia, nasi tutakuwapo hadi saa kumi na mbili jioni. Mwenye mkataba wa pango alioutilia shaka, hata kama ni picha tu kwenye simu, aje nao tuusome pamoja wakati wa mapumziko.