Mchoraji na Mti wa Ajabu

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni. Somo: Kutoka 31:1–5)

Nawasalimu ninyi nyote wa Kisii na Nyamira: mlioko jikoni mkichemsha chai, mlioko shambani mkichuma majani kabla jua halijapanda, na ninyi mlio safarini kuelekea Keroka, dereva akiwa amekubali kufungua redio. Mwenye Biblia na aifungue, Kutoka sura ya 31. Aliye na kikapu mgongoni na asikilize tu.

Katika sura hii Mungu anamwambia Musa kwamba amemchagua mtu mmoja kwa jina, Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, naye amemjaza Roho. Amemjaza ili afanye nini? Ahubiri? Atoe pepo? La. Ili abuni kazi za ustadi, afue dhahabu na fedha na shaba, akate mawe, achonge miti. Kabla yake Biblia haijamtaja mtu mwingine ye yote kwa jina na kusema ya kuwa Mungu amemjaza Roho kwa namna hiyo. Nilipokuwa chuo cha theolojia tulikaa majuma mengi juu ya Musa na Haruni, lakini Bezaleli tulimpita kama basi linavyopita kituo kisicho na abiria. Nami nilikuwa na sababu yangu ya kutotaka kushuka kituo hicho. Nitaieleza.

Kwanza niwaambie juu ya kitabu. Mgeni mmoja Mkristo kutoka Ujerumani alilala kwetu siku chache, na alipoondoka aliwaachia watoto wa Shule ya Jumapili kitabu cha picha. Maneno yake ni ya Kijerumani, nami Kijerumani sikijui hata cha kuombea maji. Lakini mchoraji wake si Mjerumani. Ni John Kilaka, Mtanzania, aliyezaliwa mwaka 1966 upande wa Sumbawanga, kule kusini-magharibi karibu na Ziwa Tanganyika. Hadithi ni ya kwetu, wanyama ni wa kwetu, na nguo walizovaa ni zile zile mtakazoziona siku ya soko pale Daraja Mbili.

Kilaka amefuata mtindo uitwao Tingatinga. Jina hilo limetoka kwa mtu, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, ambaye mwaka 1968 hivi alianza kuchora Dar es Salaam. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vipande vya ubao mwembamba wa kujengea, na rangi ya kung'aa ambayo watu walipaka baiskeli. Alichora chui, ndege, tembo, akaviuza kando ya njia kwa wageni. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku, wakidhani ni mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Lakini alikuwa amewafundisha jamaa zake na vijana wachache, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji hao waliunda chama chao cha ushirika. Kutoka 35:34 yasema kwamba Mungu alitia ndani ya moyo wa Bezaleli kufundisha pia. Sisemi zaidi.

Basi, Kilaka alifanya jambo ambalo wengi wa wenzake hawakulifanya. Wao walichora ili mtalii atundike ukutani. Yeye alizichukua rangi zile zile akaziingiza kitabuni, atumikie hadithi. Alikwenda vijijini kwa wazee wanaojua hadithi za zamani, akasikiliza, akarudi akachora. Tena yeye mwenyewe ni msimulizi. Amesimama mbele ya watoto wa Ulaya akiwasimulia. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni habari ya samaki wabichi na Mbwa mwizi. Mbwa anashtakiwa, naye anahukumiwa kupanda miti. Mahakimu wetu wangeweza kukisoma! Kingine ni cha Panya na Tembo. Tembo anajitolea kumwekea Panya chakula nyumbani mwake, kwa kuwa nyumba yake ni kubwa. Njaa inapokuja anakataa kumgawia. Panya anahama, na kumbe ni yeye peke yake aliyejua kuwasha moto. Kitabu hicho kilipata tuzo ya New Horizons katika maonyesho makubwa ya vitabu vya watoto ya Bologna, kule Italia.

Nina neno la uchungu hapa, mnisamehe. Vitabu hivyo vilitangulia kuchapishwa Uswisi, kwa Kijerumani, vikaenda Kanada na Marekani kwa Kiingereza. Mtoto wa Zurich alimjua yule Panya kabla ya mtoto wa Ekerenyo. Ndugu zetu wa Tabaka wanaelewa ninachosema. Baba anachimba jiwe jekundu na jeupe, anachonga kiboko, mama na watoto wanalisugua kwa msasa ndani ya karai la maji, kisha kiboko anafungwa kwa majani makavu na kusafirishwa mbali. Ingieni nyumba za Tabaka mtafute kiboko mmoja mezani. Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, kazi yake iko Paris kwenye makao ya UNESCO. Ni wangapi kati yetu tumempeleka mtoto akaone mkono wake unavyofanya kazi?

Turudi kwenye kitabu tulichopewa. Ni cha mwaka 2009, juu ya mti wa ajabu. Kuna ukame. Wanyama wana njaa. Wanaona mti umejaa matunda yaliyoiva, lakini matunda hayaanguki. Sungura anasema, Twende tukamwulize Kobe, yeye ana hekima. Wakubwa wanamwambia, Wewe ni mdogo mno, tutakwenda sisi. Wanakwenda. Kobe anawaambia kwamba ni lazima mti uitwe kwa jina lake: Ntungulu Mengenye. Njiani wanalisahau! Wanatumwa wakubwa wengine, nao wanalisahau. Mwisho ndipo Sungura anaruhusiwa, naye analishika jina hilo hata anafika, analitaja, na matunda yanaanguka.

Mgeni alitusimulia hayo kwa ufupi, akaenda zake. Jumapili iliyofuata nilikiweka kitabu mbele ya watoto bila maneno yo yote, nikafungua ukurasa mmoja mmoja. Wasikilizaji, sikupata nafasi ya kuhubiri. Walisimulia wao, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, kama magokoro alivyotupa emegano tukiwa tumezunguka moto. Mmoja alisema Tembo amevaa shati kama la Mzee wa Kanisa. (Ni kweli.) Kisha msichana mdogo, ambaye baba yake yuko mbali na ambaye kwa kawaida hasemi, aliweka kidole juu ya Sungura aliyesimama nyuma ya wakubwa wote, akasema, “Huyu amenyamazishwa.”

Hapo nikashuka kituo nilichokuwa nimekiruka miaka mingi.

Kabla ya kwenda chuo cha theolojia nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mahali fulani katika vilima vya Nyamira. Nilikuwa kijana, mwenye bidii na hasira. Darasani mwangu kulikuwa na mvulana aliyekuwa akichora. Alichora nyuma ya daftari la hesabu, juu ya jalada, juu ya dawati. Siku moja nilimkuta amechora kinyonga juu ya tawi la mchai. Nataka niseme kweli mbele za Mungu: kilikuwa kinyonga hasa, jicho moja linatazama mbele na jingine nyuma. Nikauchana ule ukurasa mbele ya darasa. Nikamwambia kwamba Mungu hapendi sanamu, na kwamba wachoraji hulala njaa. Nikamchapa pia. Tangu siku ile hakuchora tena, wala mimi sikumwuliza kwa nini.

Mambo mawili nilimwambia, na yote mawili sikuwa nimeyachunguza. Juu ya sanamu, amri iko katika Kutoka 20, nayo ni kali: usijifanyie sanamu uisujudie na kuitumikia. Lakini Mungu yule yule aliyetoa amri hiyo aliagiza makerubi juu ya sanduku la agano, na makomamanga yatiwe katika pindo la joho la kuhani. Alimwagiza Musa nyoka wa shaba. Nyoka huyo alivunjwa na mfalme Hezekia baadaye, kwa kuwa watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Tena alimwambia nabii Ezekieli achukue tofali na kuchora juu yake mji wa Yerusalemu. Nabii mzima, na mchoro wake wa tofali! Mimi nikamchapa mtoto kwa kinyonga.

Katika Kanisa letu la Anglikana hapa Kenya, waendao Murang'a huona ukutani mwa kanisa kuu michoro ya Elimo Njau, mwana wa Marangu, Kilimanjaro, aliyoichora miaka ya 1950. Bwana Yesu anazaliwa, anabatizwa, anateswa, na vilima nyuma yake ni vya kwetu, na watu ni weusi kama sisi. Njau alikuwa akiwaonya vijana wasiige kazi za wengine, maana kuiga humlaza Mungu usingizi. Nilisimama mbele ya michoro hiyo nikiwa mwanafunzi wa theolojia. Niliipenda. Hata hivyo sikumkumbuka yule mvulana. Mtu anaweza kuipenda picha iliyo ukutani huku akimdharau mwenye kalamu.

Na juu ya njaa, ni kweli kazi hii haina hakika. Sitawadanganya wazazi. Kwa Tingatinga mwenyewe ilikuwa miaka minne. Lakini chai nayo ina hakika gani? Tumeona bonasi ikipanda na kushuka, na hakuna aliyeng'oa michai yake kwa sababu hiyo.

Basi baada ya Jumapili ile nilimtafuta. Siku hizi ni mtu mzima, ana watoto watatu, ni karani katika kituo cha kununulia majani ya chai. Nilimkuta kwenye mizani, watu wamepanga foleni na vikapu. Nikangoja hata foleni ikaisha. Akaniamkia, “Bwana asifiwe, Mwalimu,” kwa kuwa bado ananiita Mwalimu, hata nikiwa na kola ya kasisi. Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya kinyonga. Alicheka kwanza. Akasema, “Mwalimu, hayo ni ya zamani. Nilikwisha sahau.”

Nikamwomba msamaha hata hivyo, nikisimama juu ya majani yaliyomwagika. Nikamwonyesha kitabu. Alifuta mikono kwenye koti la kazi, akakifungua polepole, akakaa juu ya ukurasa wa Sungura na Kobe muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Hakusema ni kizuri. Alisema, “Huyu ameanza na rangi nyeupe chini, ndipo akaweka hii nyingine juu.” Mimi nilikuwa nimekitazama kitabu hicho mara ishirini, na jambo hilo sikuliona.

Nikamwambia kwamba chumba cha Shule ya Jumapili kina ukuta mtupu. Akasema mkono wake umekauka, hauwezi tena. Sikumbishia. Nilikwisha sema mengi mno kwa mtu huyu zamani. Lakini nilipokuwa nimefika barabarani aliniita, akaniuliza ukuta huo ni wa matofali au wa udongo, tena kama umepigwa lipu.

Jumamosi mbili zimepita tangu siku hiyo. Hajafika. Ni majira ya majani mengi, na kituo kinafungwa usiku. Nimenunua makopo manne ya rangi ya kung'aa, jeupe, jekundu, jeusi na la kijani, yako katika vestri nyuma ya mlango, na lipu imekwisha kukauka.