Divai Nzito Nyekundu: Kuonja Mchanganyiko wa Zabibu Mbali na Mashamba Yake

Punia, mkoani Maniema mashariki mwa Kongo, si nchi ya mizabibu. Mvua ya msitu hunyesha karibu mwaka mzima, ilhali mzabibu hutaka kipindi cha ukavu ili upumzike. Unyevu wa kudumu huleta ukungu kwenye majani na kuozesha vichala kabla havijaiva. Chupa inayofunguliwa katika mji huu wa madini ya kasiteriti imesafiri mbali, na anayeimimina mara nyingi hana la kumweleza mteja zaidi ya rangi na bei. Makala hii inawalenga wahudumu wa mikahawa na wauza vinywaji wa Punia na Kindu. Maniema ina Waislamu wengi ambao hawanywi kileo, na hilo liheshimiwe. Lakini anayeuza bidhaa anapaswa kuijua.

Hoja yenyewe ni hii: mwonjaji wa Maniema anaweza kuisoma divai nzito nyekundu kwa ladha na harufu anazozijua tangu utotoni. Vitabu vya Ulaya humtajia matunda ya msituni kwao ambayo hajawahi kuyatia mdomoni, naye akadhani hana kipaji. Kipaji anacho.

Aanze na mdomo, pua isubiri. Divai ikiitwa nzito, maana yake imejaa mdomoni, na ujazo huo una vyanzo vyake. Kuna kileo, ambacho katika divai za aina hii mara nyingi hufika asilimia 13.5 au kupita, kikaacha joto kooni. Kuna ukakasi, unaoletwa na tanini za maganda, mbegu na pipa la mti wa mwaloni. Tanini hushikamana na protini za mate, ulimi ukakauka kama wa mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Halafu upo uchachu, unaoamsha mate tena. Ukipungua, divai yenye kileo kingi huchosha kwenye glasi ya kwanza tu.

Ni nadra aina moja ya zabibu kuwa na hayo yote kwa kiasi kinachofaa, na hapo ndipo kazi ya kuchanganya inapoanza. Huko Bordeaux, Ufaransa, Cabernet Sauvignon ina punje ndogo zenye ganda nene, hivyo hutoa ukakasi mwingi. Lakini huchelewa kuiva, na mwaka wa baridi humponza mkulima. Merlot huiva mapema, ni laini, imejaa ladha ya tunda. Kuzipanda zote mbili kulikuwa pia kinga dhidi ya hali ya hewa: moja ikiharibika, nyingine huokoa mavuno. Petit Verdot huongezwa kidogo tu, kwa ajili ya rangi na nguvu. Kusini mwa Ufaransa, kwenye bonde la mto Rhône, Grenache huleta kileo na utamu wa tunda, Syrah huleta rangi na viungo, Mourvèdre huleta ukakasi na harufu ya nyama.

Afrika nayo imo katika habari hii. Mwaka 1925, huko Stellenbosch, Afrika Kusini, mtaalamu wa mizabibu Abraham Izak Perold alizalisha Pinotage kwa kukutanisha Pinot Noir na Cinsaut, na leo wazalishaji wa huko huichanganya na zabibu za Bordeaux. Kwa msomaji wa Kiswahili, jirani wa kweli ni Dodoma. Ukavu wake mrefu, ambao wakulima wa mahindi huulalamikia, ndio unaoufaa mzabibu, na kwa kuwa hakuna majira ya baridi, mkulima anayepogoa kwa wakati huvuna mara mbili kwa mwaka. Makutupora Red na Syrah hustawi huko, pamoja na Aglianico, zabibu ya kusini mwa Italia yenye ukakasi mkali. Kaskazini zaidi, huko Ziway nchini Ethiopia, kampuni ya Castel ilipanda mizabibu mwaka 2007 na kutoa divai yake ya kwanza mwaka 2014. Ni Castel hiyohiyo ambayo kundi lake hutengeneza bia ya Simba huko Lubumbashi.

Sasa pua. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walieleza kwamba harufu ya pilipili manga katika Syrah hutokana na rotundone, kemikali ileile iliyomo katika pilipili manga yenyewe. Kwa hiyo mhudumu anayesema divai hii inanukia pilipili manga hasemi kwa mafumbo. Anataja kitu kilichomo ndani ya glasi. Ndivyo ilivyo kwa karafuu: eujenoli, kemikali inayozipa karafuu za Zanzibar na Pemba harufu yake hutoka pia kwenye mbao za mwaloni zilizobabuliwa kwa moto wakati pipa linaundwa. Vanila hali kadhalika. Ile inayolimwa Uganda na Beni inashiriki kemikali yake kuu na mbao hizo. Cabernet Sauvignon iliyovunwa kabla ya kuiva vizuri hunuka pilipili hoho, kwa sababu zote mbili zina kemikali iitwayo pirazini, ambayo hupungua kadiri zabibu inavyopata jua. Katika mchanganyiko, Merlot iliyoiva hufunika harufu hiyo. Mafunzo ya kuonja yanaweza basi kuanzia sokoni: punje za pilipili manga zilizopondwa, karafuu na kipande cha hoho, kila kimoja kwenye kikombe chake, vinuswe kabla ya chupa kufunguliwa.

Joto ndilo tatizo kubwa la hapa. Shauri la kunywa divai nyekundu kwa joto la chumba lilitokana na nyumba za Ulaya zenye ubaridi. Divai nzito hufaa nyuzi 16 hadi 18. Ikiwa na joto la chumba cha Punia, kileo hupanda puani na kufunika kila kitu. Iwekwe kwanza kwenye friji hadi ipoe, na pasipo umeme, ndoo ya maji baridi husaidia. Chupa ambazo hazijafunguliwa zilazwe gizani, mbali na bati la paa.

Mezani, nyama ya mbuzi ya kuchoma ndiyo mwenzi wake, kwa kuwa mafuta na protini zake hulainisha ukakasi. Pilipili kali hufanya kileo kiunguze zaidi. Samaki wa mto Lualaba, pamoja na utamu wake wote, apewe kinywaji kingine: chuma kilichomo katika divai nyekundu huamsha shombo, na mteja atamlaumu mpishi.