Simba wa kwenda na kurudi

Siku hizi mgeni aliyefikia hoteli ya ufukweni Unguja hupanda ndege ndogo asubuhi, akashuka Mikumi, akaona simba na twiga, akala chakula cha mchana, na magharibi haijaingia amesharudi kwenye mchanga wake. Simlaumu. Fedha zake zinaitunza hifadhi ile tangu ilipoanzishwa mwaka 1964.

Lakini Mikumi imo wilayani kwetu Kilosa! Na mtoto wa Kimamba, aliyekulia kando ya mkonge, simba anamjua kwa picha ya kitabuni. Labda awe amepanda basi la Iringa akachungulia dirishani, maana barabara kuu inakatiza hifadhini kwa kilomita kama 50. Huko si kutembelea, ni kupita.

Walimu na wazazi, basi moja la kukodi na sufuria za wali zinatosha. Mkiondoka alfajiri, mtarudi usiku haujawa mwingi. Kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Kamati ya shule ikaulize mapema, na safari iwe kiangazi, kwani masika njia za ndani hugeuka tope.