Karatasi Moja Isikufungie Mlango

(Mazungumzo ya mwanachama wa kikundi cha akina mama mbele ya vikundi vya kujisaidia)



Nimeombwa niseme juu ya haki za mfanyakazi anapoacha kazi. Mimi si wakili. Nilikuwa karani wa stoo tu. Nitawaeleza yaliyonipata, kisha sheria inavyosema, ili yasiwapate nyinyi au watoto wenu.

Nilifanya kazi kwa mwajiri mmoja miaka saba. Mwaka 2014 magunia ya mbolea yalipungua stoo. Funguo tulikuwa nazo watu watatu. Hakuna aliyeniita kuniuliza. Jioni moja nilisimamishwa getini nikapewa bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya kufutwa, pamoja na cheti cha utumishi. Chini ya cheti mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: "Si mwaminifu na mali."

Nilitafuta kazi mahali patatu. Kila mahali walisoma cheti, wakakikunja, wakanirudishia na kusema, "Tutakuita." Hawakuita. Nikakificha chini ya godoro. Lakini maneno hayana miguu na bado hutembea. Yalifika mpaka hapa kijijini. Mnakumbuka siku ile tulipokuwa tukichagua mweka hazina. Jina langu lilitajwa, watu wakanyamaza, kisha mmoja akasema, "Tutafute mwingine tu." Nilirudi nyumbani nikalia.

Kosa langu lilikuwa kukaa kimya. Wazee walisema, mficha uchi hazai. Ulipita mwaka na miezi miwili kabla katibu wetu hajanikalisha chini akaniuliza, "Mama, ni kweli ulichukua?" Nikasema la. Akasema, "Basi lete hiyo karatasi tuisome."

Sasa sikilizeni sheria. Katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, kila mfanyakazi anayeacha kazi ni lazima apewe cheti cha utumishi, isipokuwa kama alifanya kazi chini ya wiki 4 mfululizo. Haijalishi kama aliacha mwenyewe au alifutwa. Cheti hicho huonyesha jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza, kazi aliyofanya na mahali, na siku aliyomaliza.

Barua ya kueleza tabia au bidii ya mtu ni jambo lingine. Mwajiri halazimishwi kuiandika. Kwa hivyo usimlaumu akikataa kukusifu. Lakini mwajiri anayekataa kutoa cheti cha utumishi, au anayeweka ndani yake neno analojua ni la uongo, ametenda kosa. Anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Tena, kifungu cha 41 chasema kabla ya kumfuta mtu kwa kosa, mwajiri amweleze shtaka kwa lugha anayoielewa, na amsikilize akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mimi sikusikilizwa hata dakika moja.

Tulifanya hivi. Kwanza tuliandika barua ya adabu kwa mwajiri, bila matusi. Tulitaja mstari ule, tukasema si kweli, tukaomba atoe ushahidi au aandike cheti kingine. Tulibaki na nakala. Wiki tatu zikapita bila jibu. Pili, tulienda ofisi ya leba, mimi na katibu, tukiwa na cheti, barua ya kufutwa, karatasi za mshahara na ile nakala. Afisa wa leba alimwita mwajiri. Alipoulizwa ushahidi uko wapi, hakuwa nao. Hakukuwa na ripoti ya polisi wala hesabu ya stoo iliyotiwa sahihi.

Tulielewana pale. Nililipwa pesa za notisi na likizo, na nikapewa cheti kipya, safi. Lakini sikupata yote. Malalamiko ya kufutwa hupelekwa kwa afisa wa leba kabla ya miezi 3 kwisha, nami nilikuwa nimechelewa. Ningeweza bado kwenda korti ya wafanyakazi, kwa maana hiyo huruhusu miaka 3, lakini nilichoka. Na kesi ya kuchafuliwa jina kwa maandishi au kwa mdomo hufunguliwa kabla ya miezi 12. Huo mlango niliufunga mwenyewe, nikiwa nimelalia cheti.

Wengine watauliza, je, kama mwajiri hakuandika kitu, bali anasema vibaya akipigiwa simu? Hilo ni gumu zaidi, lakini si la kukatisha tamaa. Muulize kwa upole yule aliyekunyima kazi aliambiwa nini, na uandike tarehe. Siku hizi pia kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Inakupa haki ya kuona habari zako ambazo mwajiri ameziweka, na kuomba zilizo za uongo au za kupotosha zirekebishwe. Akikataa, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data.

Hata hivyo, tuseme ukweli wote. Mwajiri aliyesema jambo kwa nia njema, bila chuki, akiamini ni kweli, sheria humlinda. Na kama kweli ulikosa, usitafute karatasi ya kuficha. Chukua cheti chenye tarehe na kazi uliyofanya, kisha jenga jina lako upya.

Mambo ya kushika ni haya. Usitoke kazini bila kudai cheti. Kisome kabla hujakikunja. Weka kila karatasi mahali pakavu. Hesabu miezi: mitatu, kumi na miwili, na miaka mitatu. Na usiende peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa.

La mwisho ni letu sisi. Vikundi vyetu pia ni waajiri. Tuna mlinzi wa tangi la maji, na mwalimu wa nasari. Mlinzi aliyetangulia aliondoka tukiwa na hasira naye. Je, tulimpa cheti? Hatukumpa. Na tulipoulizwa habari zake kijiji cha pili, tulisema nini? Kila mmoja ajijibu moyoni.

Mimi sina kinyongo na aliyesema tutafute mwingine. Alikuwa amesikia upande mmoja tu, kama wale walionirudishia cheti. Lakini ningeomba tuandike katika kanuni zetu kwamba mwanachama akitajwa kwa ubaya, aulizwe kwanza, mbele yake, kabla jina lake halijafutwa kwenye orodha. Uchaguzi wa mweka hazina uko karibu. Sitaki mnichague kwa huruma. Nataka mniulize.