Braketi Ndogo Yabeba Kazi Yote

(Hotuba kwa vikundi vya useremala vinavyojitengenezea mashine ya kuchonga mbao kwa kompyuta)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kifaa kimoja tu, nacho ni braketi ya kushika spindeli. Wengine watasema, "Hotuba nzima kwa ajili ya braketi?" Ngojeni kidogo.

Kwa wale wa vikundi vya mbuzi na mboga walio nasi leo, tueleze kwanza. Mashine hii ni kama meza yenye reli. Juu ya reli kuna mota inayokwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Kompyuta ndiyo inayoiambia iende wapi. Chini ya mota kumefungwa biti inayozunguka, nayo huchonga maua ya mlango, jina la shule kwenye kibao, au msalaba kwenye mimbari. Mota hiyo pamoja na mhimili wake ndiyo spindeli. Braketi ni ule mkono unaoikamata spindeli na kuifunga kwenye mashine. Mashine hata ikiwa na kompyuta nzuri namna gani, braketi ikilegea, kompyuta inasema hapa na biti inachonga pale.

Si kijana, ni braketi

Tulitembelea kikundi kimoja ambacho kilikuwa kimepata kazi ya milango ya mvule. Spindeli yao ilikuwa imeshikwa kwa klipu mbili za bomba, na katikati wakazungusha mpira wa tyubu ya baiskeli ili isiteleze. Siku mbili za kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya tatu mota ikapata moto, mpira ukalainika, spindeli ikashuka yenyewe. Biti ikatoboa ubao mpaka kwenye meza, ikavunjika, na kipande chake kikaruka kikakwama kwenye boriti ya paa. Tunamshukuru Mungu kijana aliyekuwa hapo alikuwa amevaa miwani, na hakuumia.

Lakini kamati ilikaa ikamtoza kijana huyo faini ya ubao na ya biti. Walisema alikuwa mzembe. Tulipoichunguza ile mashine tuliona alama ya klipu kwenye ubavu wa mota: ilikuwa imeteleza zaidi ya upana wa kidole. Tukawaonyesha wazee. Baada ya mazungumzo marefu faini ikafutwa. Jamani, tusiwahukumu vijana wetu kabla ya kukagua chuma. Kijana akivunjwa moyo siku ya kwanza, kesho hatamwona mtu karakanani.

Pimeni kwanza, nunueni baadaye

Braketi hufuata mota. Mota haifuati braketi. Kwa hiyo msiagize braketi kabla mota haijafika mkononi.

Mota zenyewe zina saizi zake. Ruta ya mkono ya Makita aina ya RT0700C, ukiivua kitako chake, ina mwili wa unene wa milimita 65. Spindeli za kutoka China za kupozwa kwa maji, zile za wati 800, kwa kawaida ni milimita 65. Za kilowati 2.2 kwa kawaida ni milimita 80. Zile ndogo za wati 300 hadi 500 mara nyingi ni milimita 52. Hata hivyo msiamini karatasi tu. Chukueni vernia, pimeni juu, katikati na chini, halafu mzungushe mota robo na kupima tena. Andikeni namba zote kwenye daftari la kikundi.

Pimeni uzito pia. Spindeli ya kilowati 2.2 ya maji ina kama kilo 5, yaani pakiti mbili na nusu za unga wa kilo 2, nazo zinaning'inia kwenye reli mchana kutwa. Kwa kikundi kinachoanza, ruta ndogo ya mkono inatosha. Inachomekwa kwenye umeme wa kawaida wa nyumba bila kifaa kingine cha kuongoza kasi.

Baada ya kupima, njia ni tatu.

Ya kwanza ni kununua braketi ya aluminiamu iliyo tayari. Ikitoka ng'ambo, mweka hazina asihesabu bei ya dukani peke yake. Aongeze usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 16. Bwana Yesu mwenyewe alitufundisha juu ya mtu wa mnara: hesabu huja kabla ya msingi.

Ya pili ni kumwendea fundi wa kukereza chuma. Mafundi wa jua kali wako Kamukunji kule Nairobi, na karibu kila mji wetu una mtu wa mashine ya kukereza karibu na maduka ya spea za magari. Tafuteni kipande kinene cha aluminiamu kwa wauza vyuma chakavu, mpelekee fundi. Na mkienda, nendeni na mota yenyewe mmeifunga kwa kitambaa. Msiende na namba tu. Fundi akiijaribu hapo hapo, hakuna ubishi wa kurudi.

Ya tatu ni kujitengenezea kwa mbao ngumu au plaiwudi iliyogundishwa tabaka kwa tabaka. Msidharau njia hii. Kwa ruta ndogo inafaa sana. Toboeni tundu kwanza, kisha ndipo mkate ufa mmoja wa milimita 2 au 3 ubavuni, na kupitisha bolti mbili za kuubana ufa huo. Mkikata ufa kabla ya tundu, tundu halitakuwa duara. Kumbukeni mbao hunywa maji wakati wa mvua na hukauka wakati wa kiangazi, kwa hiyo majira yakibadilika bolti zikaguliwe. Plaiwudi hubadilika kidogo kuliko ubao mtupu.

Njia yoyote mtakayoshika, msitie mpira katikati. Mpira unaonekana kushika, lakini unaachia.

Kuifunga

Ng'oeni plagi kwanza. Hatusemi zimeni swichi. Tunasema ng'oeni plagi.

Braketi ikamate mwili wa chuma wa mota, si plastiki. Isizibe matundu ya hewa, maana mota ikikosa hewa itaungua. Kama mna braketi mbili za pete, wekeni moja juu na moja chini, ziachane. Ile ya chini ikae karibu na biti kadiri nafasi inavyoruhusu. Jembe ukilishika mwisho wa mpini linayumba. Ukisogeza mkono karibu na chuma linatulia. Spindeli nayo ni hivyo.

Kazeni bolti kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Kila mkikaza, zungusheni mhimili kwa mkono. Ukianza kuwa mgumu, mmebana kupita kiasi na beringi zinaumia. Legezeni, mtafute kama tundu ni dogo au si duara. Anayekaza sana si fundi hodari, ni mharibifu mwenye nguvu.

Sasa inyoosheni. Wekeni kioo kinene juu ya meza ya mashine, kikae sawa. Fungeni waya mgumu kwenye spindeli, uchomoze sentimita 10 kutoka katikati, ncha yake ikiinamia kioo. Zungusheni kwa mkono pole pole, mbele, nyuma, kushoto na kulia. Kila mahali ingizeni karatasi za kawaida za kuandikia kati ya ncha na kioo, mhesabu zinaingia ngapi. Karatasi moja ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita.

Kama kushoto na kulia hazilingani, legezeni bolti za sahani ya braketi na kuizungusha kidogo. Kama mbele zinaingia nyingi kuliko nyuma, kichwa cha spindeli kimelala nyuma. Tieni kipande chembamba nyuma ya braketi kwenye bolti za juu. Kama nyuma ndiko nyingi, tieni kwenye bolti za chini. Kopo la soda la aluminiamu linafaa sana, kwa maana ubavu wake nao ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Hesabu ni rahisi: ikiwa bolti za juu na za chini zimeachana sentimita 10, na karatasi zimezidi nne, tieni vipande viwili. Kisha pimeni upya.

Mwisho, chukueni kalamu ya wino usiofutika, chora mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye braketi mpaka kwenye mwili wa mota. Baada ya nusu saa ya kazi simamisheni mashine, ng'oeni plagi, mtazame. Mstari ukiwa umevunjika, spindeli imeteleza. Mstari huo ndio shahidi wenu. Kama ile kamati ingekuwa nao, isingemtoza kijana faini.

Ya kamati

Biti ya mashine hii inaweza kuzunguka mara 24,000 kwa dakika, yaani mara 400 kila sekunde. Kwa hiyo miwani ya kukinga macho iandikwe kwenye bajeti pamoja na braketi. Asivae mtu kanzu, leso wala mikono mirefu iliyolegea karibu nayo. Na wakati biti inazunguka, mtu asipeleke mkono kupangusa vumbi.

Chagueni mtu mmoja wa kukagua bolti na mstari kila asubuhi, aweke sahihi kwenye daftari. Awe ni mwanachama yeyote, hata mama asiyewahi kushika randa. Kutazama mstari hakuhitaji cheti.

Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya liliuliza vijana wataenda wapi wakimaliza shule, na kutokana na swali hilo zikaanza polyteknik za vijijini. Swali bado liko nasi. Karakana yenye mashine iliyofungwa vizuri ni sehemu ya jibu. Katika Kutoka 31 Bezaleli alijaliwa ustadi wa kuchonga mti kwa ajili ya hema la Mungu, na ustadi huo ni pamoja na kupima na kukaza inavyofaa.

Rudini nyumbani mkakague mashine zenu kabla ya kuchukua kazi nyingine. Mungu abariki mikono yenu, na aitunze isikatwe.