Kuutambua Ufunguo Mgeni

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kusema nanyi habari za ufunguo. Hatusemi ule wa kawaida, ambao kila fundi sokoni anao mfano wake ukutani, bali ule mgeni ambao fundi huugeuzageuza mkononi kisha akatikisa kichwa.

Mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika una sababu ya kuwa na funguo za namna nyingi. Wadachi, yaani Wajerumani, walifikisha reli Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1916 Wabelgiji wakauteka mji, wakakaa hata 1921, ndipo Waingereza wakaupokea; na kila taifa hupenda vyuma vya kwao. Tena watu huvuka ziwa na masanduku yao kutoka Kongo na Burundi, na siku hizi kufuli nyingi zatoka China.

Wengi hudhani kwamba meno ndiyo ufunguo. Sivyo. Meno huchongwa mwisho, na mtu mwenye tupa na mkono mtulivu aweza kuyaiga. Taabu ni kuupata mwili wake, yaani ufunguo usiochongwa bado, ulio sawa na ule wa kwanza. Fundi hodari hategemei jina lililopigwa kichwani, maana kiwanda kimoja hutoa funguo za maumbo mengi. Huuelekeza ufunguo machoni pake, akautazama kwa ncha, ili aone mifereji ya pande zote mbili: ipo upande gani, ina kina gani, inapinda au imenyoka. Mdomo wa kitasa una kingo zinazopita katika mifereji hiyo, na ufunguo usio na mfereji mahali pake hauingii. Kisha hutazama kama ufunguo husimama kwa bega lake au kwa ncha, kwa kuwa urefu hupimwa kutoka hapo. Halafu hupima unene, akahesabu meno. Mara nyingi ni matano au sita.

Funguo za kale zenye shina la mviringo zina mambo yao. Huenda shina ni chuma kitupu, au lina tundu kama bomba, ambalo huvaa msumari uliosimama ndani ya kitasa. Tundu likiwa jembamba, ufunguo hauvai. Likiwa pana mno, ufunguo huyumba na komeo halisogei sawasawa.

Tulipata kuona huko Ujiji sanduku la mbao la familia moja, lililotoka ng'ambo ya ziwa, ndimo zilimokaa hati za shamba na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao umeanza kupinda. Fundi mmoja akatwaa ufunguo uliofanana nao, akaukwangua ubavuni kwa tupa mpaka ukaingia. Kila mtu akafurahi. Ukafungua mara tatu. Mara ya nne ukavunjika ndani, kwa kuwa pale palipokwanguliwa palikuwa pembamba kama jani. Siku ile binti wa nyumba alitakiwa shuleni na cheti chake.

Akaitwa fundi mzee. Kwanza aliuliza sanduku ni la nani, na hakugusa kitu mpaka majirani wawili walipomjibu. Nasi tulimsifu kwa hilo. Kisha akakitoa kipande kilichovunjika kwa waya mwembamba, akauliza ufunguo wa asili uko wapi. Ulikuwa umetupwa. Kama ungalikuwapo, alisema, hata kama umevunjika vipande viwili, angalivilaza juu ya karatasi, akachora umbo lake na kuchonga shaba iliyo nene zaidi, mfereji kwa mfereji. Bila ya huo hakuwa na budi kukingoa kitasa kizima.

Binti alipata cheti chake kabla ya adhuhuri. Sanduku lile sasa hufungwa kwa kamba.