Nani Amwamulie Mzee Aliyepotewa na Kumbukumbu?



Mwaka 2016 nchini Uholanzi, daktari wa nyumba ya wazee alimtilia dawa ya usingizi kwenye kahawa mama wa miaka 74 mwenye demensia, ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu, kisha akamchoma sindano ya kukatisha uhai. Mama huyo, akili zake zikiwa bado timamu, alikuwa ameacha maandishi kwamba hataki kuishi katika hali hiyo. Sindano ilipoingia alijaribu kuinuka. Jamaa zake wakamshika. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliridhia daktari aachiwe huru.

Kisa hiki kikisimuliwa kwetu, watu hushika vichwa. Sheria ya Uholanzi inayoruhusu hilo si yetu, wala siombi iwe yetu. Ila kahawa ile tunaijua. Nani kati yetu hajaona kidonge kikisagwa na kukorogwa kwenye uji wa mzee anayekataa dawa? Waholanzi walau walikuwa na karatasi ya kubishania. Sisi tuna "familia imeamua".

Familia ipi? Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na kuendelea wana demensia, kwa hiyo tusijidanganye kuwa ni maradhi ya Ulaya. Na katika familia hizo, watoto wako mjini. Aliyebaki na mzee mara nyingi ni mkamwana. Kwa mila za wengi wetu, mkamwana hapaswi kuuona utupu wa baba mkwe. Sasa ndiye anayemwogesha, ndiye anayembadilisha shuka zilizolowa saa nane za usiku, huku mzee akimfokea kama mwizi. Ukoo unakaa kikao, unaamua mzee "asipelekwe popote". Mkamwana yuko jikoni anapika chai ya wajumbe. Mzee mwenyewe kaketi pembeni, anasalimiwa tu.

Daktari naye huombwa asimwambie mgonjwa, eti atavunjika moyo. Naielewa huruma hiyo, lakini siri hiyo hufichwa majirani pia, na ina gharama. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, mzee akitoka usiku akaingia ua wa jirani akidhani ni kwake, anaweza kuitwa mchawi. Kituo cha Kaya Godoma, huko Ganze, kimewahifadhi wazee waliokimbia vitisho baada ya tuhuma hizo, na nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba linalomezewa mate. Jirani asiyeambiwa habari ya ugonjwa atajitafutia maelezo yake.

Pendekezo langu ni kwamba mzee aulizwe mapema, kwa lugha yake, angali anajitambua. Asiulizwe anavyotaka kufa. Huo kwetu ni uchuro. Aulizwe nani amwogeshe, nani atunze hati ya shamba, nani aambiwe ugonjwa wake, na siku akikataa dawa, je, zitiwe kwenye uji? Majibu yaandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, atie dole gumba, na mkamwana awepo.